Kabla Hujanunua Mche wa Parachichi: Chagua Aina Inayolifaa Shamba Lako

Ingia kitalu chochote kati ya Makambako na Njombe mjini, ulizia mche wa parachichi, na mara nyingi utajibiwa kwa neno moja: Hass. Ni nadra kuulizwa shamba lako liko wapi, udongo wake ukoje au matunda utamuuzia nani. Muuza miche hana kosa, anauza kinachoulizwa. Ila zao hili halikupi nafasi ya kujaribu upya msimu ujao. Mparachichi wa kubebesha huanza kutoa mavuno ya maana mwaka wa tatu au wa nne, na kosa la aina hujitokeza hapo, wakati umeshalipa vibarua, samadi na maji ya miaka yote hiyo.

Mwongozo huu ni wa mkulima mwenye robo ekari hadi ekari kumi, awe Rungwe, Siha, Lushoto, Murang'a au Kisii. Utaratibu wake ni huu: anza na shamba, nenda kwa mnunuzi, malizia na aina. Wengi huanza na aina, halafu mambo yakiharibika wanalilaumu shamba.

Kwa nini aina moja haifai kila mahali

Maparachichi yote yana asili ya Meksiko na nchi za jirani zake, na yamegawanyika katika koo tatu.

Ukoo wa Meksiko ni wa milimani. Matunda yake ni madogo, ganda ni jembamba na mafuta ni mengi. Baridi unaiweza kuliko koo nyingine. Fikicha jani lake ulinuse: mara nyingi utapata harufu ya shamari.

Ukoo wa Guatemala ni wa miinuko ya kati. Ganda lake ni nene, mara nyingi lenye vipele, na tunda hukaa mtini muda mrefu kabla ya kukomaa.

Ukoo wa West Indies ni wa nyanda za joto. Matunda ni makubwa na laini, yana maji mengi na mafuta kidogo. Joto na chumvi unavivumilia, baridi hapana. Mengi ya yale maparachichi makubwa ya mwambao, yanayojaza sahani peke yake, yana damu ya ukoo huu.

Hass na Fuerte ni machotara wa Meksiko na Guatemala, kwa hiyo yote mawili ni miti ya nchi ya ubaridi. Booth 7 na Booth 8 zilitokea Florida, ni machotara wa Guatemala na West Indies, na ndiyo maana hustahimili joto la nyanda za chini, ambako Hass hunung'unika. Ukishajua mti umetoka kwa nani, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Jambo la pili la kuelewa ni mbegu. Kila Hass duniani ni kipande cha mti mmoja ulioota huko California katika uwanja wa mpeleka barua aliyeitwa Rudolph Hass, naye akausajili kwa hataza mwaka 1935. Mti mama ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi. Vipande vyake vimeendelea kuishi kwa kubebeshwa tu, maana mbegu ya Hass haizai Hass. Inazaa mtoto mwenye tabia zake mwenyewe, ambazo huzijui hadi atakapozaa baada ya miaka mitano, saba au zaidi. Anayekuuzia "Hass ya mbegu" anakuuzia bahati nasibu.

Hatua tano za kulijua shamba lako

Fanya kazi hii miezi michache kabla ya mvua za kupandia. Haina gharama kubwa isipokuwa kipimo cha udongo.

1. Pima mwinuko. Simu nyingi zinaweza kuonyesha mita kutoka usawa wa bahari kwa kutumia programu ya ramani au dira. Simama katikati ya shamba lenyewe, usipime barabarani. Kila ukipanda mita 100, hewa hupoa kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi. Kwa hiyo mashamba mawili ya kijiji kimoja, moja bondeni na jingine mlimani, yanaweza kuhitaji aina tofauti.

2. Uliza kuhusu sakitu. Waulize wazee wa eneo hilo, hasa waliolima viazi na migomba. Swali liwe mahususi: "Sakitu hushuka mpaka wapi?" Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka kwenda bondeni na kutuama huko. Ndiyo maana Mufindi, Njombe na Makete unaweza kukuta asubuhi ya Juni au Julai shamba la mteremkoni liko salama, na lile la bondeni, hatua chache chini, majani yote yamekuwa kahawia. Mti mkubwa wa Hass huanza kudhurika joto likishuka nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Fuerte huvumilia kidogo zaidi. Miche michanga huumia mapema kuliko miti mikubwa, iwe ya aina yoyote.

3. Jaribu kama udongo unapitisha maji. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Mizizi ya parachichi inayokula iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 60 za mwanzo, na inahitaji hewa. Maji yakituama, kimelea cha fitoftora huivamia na kuiozesha. Mti hunyauka kuanzia juu, majani yanakuwa madogo na ya rangi ya njano. Mwenye shamba akidhani ni kiu anaongeza maji, na kwa kufanya hivyo anaumaliza.

Fanya hivi:
- Chimba shimo la kina cha sentimita 60 na upana wa sentimita 30.
- Lijaze maji, uyaache yaishe yote.
- Lijaze tena, uchomeke kijiti chenye alama, uangalie maji yanashuka kiasi gani kwa saa.
- Yakishuka chini ya sentimita 2 au 3 kwa saa, udongo ni mzito. Panda juu ya matuta mapana yaliyoinuliwa au tafuta sehemu nyingine ya shamba.
- Kesho yake asubuhi ukikuta maji bado yapo, hapo usipande parachichi kabisa.

Shimo likiwa bado wazi, angalia kuta zake. Udongo mwekundu au wa kahawia wenye rangi moja mpaka chini ni dalili njema. Ukikuta tabaka la kijivu lenye madoa ya rangi ya kutu, ujue maji hukaa hapo masika, hata kama leo ni kiangazi na kila kitu kimekauka.

4. Peleka udongo maabara. Chukua udongo sehemu kadhaa, changanya, peleka kituo cha utafiti cha TARI au Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine kwa Tanzania, au KALRO kwa Kenya. Unachotafuta hasa ni pH ya kati ya 5.5 na 6.5. Nyanda za Juu Kusini udongo mwingi una tindikali kupita kiasi, na dawa yake ni chokaa ya kilimo iliyowekwa mapema. Udongo ukizidi pH 7, majani hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mti unashindwa kufyonza madini ya chuma. Kama utamwagilia kwa maji ya kisima, hasa pwani au nyanda kame, pima na chumvi. Mti ulioonja chumvi huungua ncha na kingo za majani.

5. Hesabu mvua na upepo. Parachichi linataka kama milimita 1,000 hadi 1,600 kwa mwaka, zilizogawanyika vizuri. Rungwe hupata zaidi ya hapo, kwa hiyo tatizo lake ni maradhi ya ukungu zaidi ya ukame. Mahali penye kiangazi cha miezi mitano, swali ni moja tu: una maji ya kumwagilia? Kama huna, anza na miti michache unayoweza kuibebea maji. Upepo nao usiudharau. Matawi ya mparachichi ni mepesi kuvunjika, na tunda linalosuguana na tawi hupata makovu ambayo mnunuzi wa nje hayataki. Panda kinga ya upepo mwaka mmoja kabla ya maparachichi.

> KISANDUKU: MWINUKO NA AINA ZA KUANZIA
>
> Chini ya mita 800 (mwambao, Muheza, Kilombero): aina za joto kama Simmonds, Pollock, Booth 7 na Booth 8, au mti wa kienyeji uliothibitika hapo kijijini. Hass achana nayo.
>
> Mita 800 hadi 1,200: ukanda wa mpaka. Booth 7 na Booth 8 hufanya vizuri. Hass huzaa ikiwa na maji ya uhakika, ila matunda mara nyingi huwa madogo.
>
> Mita 1,200 hadi 2,000 (Siha, Lushoto, Rungwe, Murang'a, Kisii, sehemu kubwa ya Njombe): ukanda wa Hass na Fuerte, pamoja na Pinkerton, Reed na Lamb Hass.
>
> Zaidi ya mita 2,000: angalia sakitu kwanza. Mteremkoni pasipo sakitu Hass huzaa, ila hukomaa polepole sana. Penye sakitu nyepesi jaribu Fuerte, Bacon au Zutano. Penye sakitu ya kila mwaka, panda tufaha au viazi.
>
> Mipaka hii si ya kukatwa kwa kisu. Njombe iko mbali zaidi na ikweta kuliko Murang'a, kwa hiyo mwinuko ule ule wa Njombe huwa na baridi kali zaidi ifikapo Juni.

Nani atanunua?

Kabla ya kutaja aina, tafuta jibu hili, na liwe jibu la mtu unayemjua. Jina la nchi halitoshi. Maneno ya kwamba "Ulaya wanataka" au "China wamefungua" yana ukweli: mwaka 2022 China iliruhusu maparachichi mabichi ya Kenya na ikasaini makubaliano na Tanzania. Lakini China haitakuja shambani kwako. Atakayekuja ni kampuni yenye jokofu na nyumba ya kufungashia, na hiyo inakusanya pale penye matunda mengi na barabara inayopitika masika.

Ukiwa ndani ya eneo la kampuni kama hiyo, panda Hass bila kusita. Ganda lake nene huvumilia safari ya wiki kadhaa melini, na linageuka jeusi linapoiva, hivyo mlaji wa ng'ambo anajua lini alikate. Kumbuka tu kwamba mnunuzi huyo huchagua kwa ukubwa na usafi wa ganda. Yanayobaki ni yako, na soko la ndani bado lina watu wanaoliona tunda jeusi wakadhani limeoza.

Ukiwa mbali na kampuni lakini karibu na mji, hesabu zinabadilika. Muuza juisi na mama lishe wanataka tunda kubwa, lenye nyama nyingi, la kijani. Hapo Fuerte, Booth au aina kubwa zilizozoeleka vitaluni Tanzania kama X-Ikulu zinaweza kukulipa kuliko Hass ndogo ndogo ulizoshindwa kuziuza nje.

Muda wa kukomaa nao una bei yake. Peru humwaga matunda mengi Ulaya kuanzia takribani Aprili hadi Agosti, na yakiwa mengi sokoni bei ya kila mtu hushuka. Mkulima wa mwinuko wa juu, ambaye matunda yake huchelewa, asione kuchelewa huko ni hasara kabla hajamuuliza mnunuzi ni mwezi gani ana njaa ya matunda. Kishawishi cha kuvuna mabichi ili kuwahi bei ukishinde. Kiwango cha Ulaya kinataka Hass lenye angalau asilimia 21 ya uzito unaobaki baada ya kukaushwa maji yote. Tunda changa haliivi, linasinyaa na kuwa kama mpira, na mnunuzi hasahau lilikotoka.

Aina moja moja

*Hass.* Tunda la gramu 200 hadi 300, mafuta mengi, ladha nzuri. Mti ni wa ukubwa wa wastani, kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 unapata kama miti 82 kwa ekari. Udhaifu wake mkubwa ni matunda kuwa madogo kwenye joto, ukame au mti unapozeeka bila kupogolewa. Ukibeba mno mwaka huu, mwakani hupumzika. Kuna wanaoifikiria Hass kama zao la kupanda na kusubiri. Ukweli ni kwamba inadai maji, samadi, kupogolea na kukaguliwa inzi wa matunda, na inalipa kwa kadiri unavyoihudumia.

*Fuerte.* Ndiyo iliyotawala biashara duniani kabla ya Hass. Ilitoka Atlixco, Meksiko, mwaka 1911, na ikajipatia jina California ilipopona baridi kali ya mwaka 1913 iliyoua miti mingine. Wengi wanaoijua ladha yake wanaiweka juu ya Hass, nami ni mmojawao. Tatizo lake liko kwingine. Mti hutanuka sana, unataka mita 9 kwa 9 au karibu na hapo, sawa na miti 50 tu kwa ekari. Mwaka mmoja hujaa, mwaka wa pili unabaki mtupu. Ganda jembamba huchubuka njiani na hushambuliwa na madoa ya ukungu na chule, hasa penye mvua nyingi kama Tukuyu. Wanunuzi wa nje wanaipunguza mwaka hadi mwaka. Kwa soko la mjini, na kama mti wa kusaidia uchavushaji, bado ni mti wa heshima.

*Pinkerton.* Tunda refu lenye shingo, kokwa dogo, nyama nyingi. Huzaa mapema na kwa wingi. Kwa mauzo ya ndani ni chaguo zuri ambalo wengi hawalifikirii.

*Lamb Hass na Gem.* Ni wa familia moja na Hass. Lamb Hass husimama wima na hukomaa baada ya Hass, hivyo hurefusha msimu wako. Gem ni aina yenye wamiliki wa haki, kwa hiyo ukiuziwa uchochoroni jiulize kikonyo, yaani kipande kilichobebeshwa juu, kilitoka wapi.

*Reed.* Mviringo, kubwa, kijani, mti mwembamba unaokwenda juu. Unafaa uwanja mdogo wa nyumbani.

*Booth 7, Booth 8, Simmonds, Pollock.* Za nchi ya joto. Mafuta ni machache kuliko Hass, na hakuna atakayezisafirisha Ulaya kwa bei ya Hass. Lakini Hass isiyozaa bei yake ni sifuri.

*Puebla.* Utaisikia sana vitaluni, hasa Kenya. Kazi yake kubwa ni kuwa shina la chini la kubebeshea.

Maua: usipande kundi moja tu

Ua la parachichi hufunguka mara mbili, siku mbili mfululizo, na kila mara kwa jinsia tofauti. Miti imegawanyika makundi mawili. Kundi A (Hass, Lamb Hass, Gem, Pinkerton, Reed, Puebla, Simmonds) hufungua ua jike asubuhi, hulifunga, kisha hulifungua tena kesho yake mchana likiwa dume. Kundi B (Fuerte, Ettinger, Bacon, Zutano, Edranol, Booth 7, Booth 8, Pollock) hufanya kinyume: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo asubuhi jike wa A anamkuta dume wa B, na mchana mambo yanageuka.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Saa tatu asubuhi, siku ya jua, sogelea ua la Hass lililofunguka. Katikati utaona kijiti kimoja cheupe kimesimama wima, na nyuzi zinazobeba chavua zimelala chini kuelekea pembeni. Rudi saa tisa alasiri ulitazame ua jingine la mti huo huo: nyuzi tisa zimesimama, vifuko vyake vimefunguka, chavua ya njano inashika kidoleni, na kile kijiti cha kati kimeanza kuwa kahawia. Nyuki ndiye anayeunganisha hayo mawili.

Milimani kwenye ubaridi ratiba hii huvurugika. Maua ya A huchelewa kufunguka, jike na dume hukutana kwenye mti mmoja, na ndiyo sababu utasikia mtu wa Njombe akisema Hass yake inazaa peke yake. Inaweza. Lakini usitegemee hali ya hewa ya wiki mbili tatu za maua iamue mavuno ya mwaka mzima.

Fanya hivi:
1. Panda mti mmoja wa kundi B kwa kila miti 8 hadi 10 ya kundi A, uusambaze ndani ya shamba. Usiulundike pembeni.
2. Chagua B ambayo tunda lake linauzika. Bacon na Zutano huchavusha vizuri, ila kwa mkulima mdogo Fuerte au Ettinger ina faida ya ziada: tunda lake lina mnunuzi mjini.
3. Kama jirani ana Fuerte kubwa mpakani mwako, umeshapata B bure kwa mistari ya karibu.
4. Tundika mizinga, na wakati wa maua usipige dawa ya wadudu.

Nusu ya mti iko chini ya ardhi

Mkulima huuliza jina la kikonyo, yaani aina iliyobebeshwa juu. Wachache huuliza kimebebeshwa juu ya nini. Shina la chini ndilo linalokutana na udongo wako, chumvi yako na maji yako yanayotuama.

Shina la ukoo wa Meksiko huvumilia baridi lakini huchukia chumvi. La West Indies huvumilia chumvi na joto, lakini si la kupeleka Makete. La Guatemala liko katikati. Kitaluni, ukikuta chipukizi limeota chini ya kiungo cha kubebeshea, lifikiche ulinuse: harufu ya shamari itakuambia kuna damu ya Meksiko. Kama shamba lako lina historia ya maparachichi kukauka, uliza miche ya mashina yanayostahimili fitoftora, kama Dusa. Ni ghali na si kila kitalu kinayo. Na hata hiyo haiokoi mti uliopandwa kwenye dimbwi.

> KISANDUKU: UKIFIKA KITALUNI
>
> ☐ Kitalu kimekaguliwa? Tanzania uliza vibali vya TOSCI na TPHPA. Kenya uliza usajili wa HCD na ukaguzi wa KEPHIS.
> ☐ Muuzaji anaweza kukuonyesha mti mama wa vikonyo? Hass na Fuerte zikiwa bado miche, macho pekee hayatoshi kuzitofautisha.
> ☐ Mbegu za mashina zilitoka kwenye matunda yaliyochumwa mtini? Mbegu ya tunda lililookotwa chini inaweza kuleta fitoftora. Vitalu makini hulowesha mbegu kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa nusu saa kabla ya kuzisia.
> ☐ Viriba vimeinuliwa juu ya meza au kokoto, au vimekaa kwenye tope?
> ☐ Kiungo cha kubebeshea kimeshikana bila ufa, na nailoni haijaanza kukaba shina?
> ☐ Majani ya juu yamekomaa, si mekundu na laini?
> ☐ Mizizi haijatoboa kiriba wala kujizungusha chini? Omba kimoja kifunguliwe. Akikataa, nenda kitalu kingine.
> ☐ Una risiti yenye jina la aina ya juu na shina la chini?

Makosa yanayojirudia

Kununua miche kwa sababu lori limepita kijijini na bei ni nafuu. Miche ya barabarani haina wa kumuuliza ikigoma.

Kufukia kiungo wakati wa kupanda. Kiungo kibaki juu ya udongo na juu ya matandazo, vinginevyo aina ya juu huota mizizi yake na kinga ya shina la chini unaipoteza.

Kupanda ekari nzima ya aina mpya kwa kusikia. Aina ambayo haijawahi kuzaa ndani ya kata yako, panda miti mitano kwanza. Ukiona mkulima wa mwinuko kama wako, upande ule ule wa mlima, ana miti ya miaka sita inayozaa vizuri, ushahidi huo una uzito kuliko mwongozo wowote, huu ukiwemo. Mwombe umtembelee wakati wa mavuno, na umuulize idadi ya kreti alizokataliwa, si alizouza tu.

Kubana nafasi. Miti ya mwaka wa pili huonekana iko mbali mbali, na mkono unawasha kuongeza mstari. Ukiongeza, mwaka wa nane majani ya chini yatakosa jua na matunda yatahamia juu usikofika.

Kama umeshapanda aina isiyofaa

Usikimbilie kung'oa. Kwanza tenganisha tatizo la aina na tatizo la mizizi. Mti wenye majani makubwa ya kijani kibichi lakini hauzai, au unazaa matunda yasiyo na mnunuzi, una mizizi mizima, na huo unaweza kubadilishwa aina. Mti uliokauka vilele na kupukutisha majani unaumwa chini. Kuubebesha upya ni kupoteza vikonyo.

Kwa mti wenye afya:
1. Chagua kipindi ambacho si cha mvua kubwa wala baridi kali. Vikonyo viwe tayari, vimekatwa siku hiyo hiyo kutoka mti mama unaoujua, na vimefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu.
2. Kata shina kwa msumeno mkali kwenye urefu wa mita moja hivi. Bakiza tawi moja lenye majani upande mmoja liulishe mti.
3. Ama bebesha vikonyo vitatu au vinne kati ya ganda na mti kwenye kisiki chenyewe, ama subiri machipukizi, uchague matatu yenye nguvu na kuyabebesha yakifikia unene wa penseli. Njia ya pili ni rahisi zaidi kwa asiye fundi.
4. Paka kisiki na shina chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji. Ganda lililozoea kivuli huungua jua ndani ya siku chache.
5. Kila wiki mbili ondoa machipukizi ya aina ya zamani.
6. Vikonyo vikishika na kufikia nusu mita, vifunge kwenye vijiti visivunjwe na upepo. Lile tawi la kulisha liondoe baadaye, aina mpya ikiwa na majani ya kutosha kujilisha.

Ukifanya kazi hii kwa zamu, theluthi moja ya shamba kila mwaka, utaendelea kuuza matunda ya miti iliyobaki huku mingine ikikua, na ile miti ya mwaka wa kwanza itakuwa imeshakuonyesha kama aina mpya inalipenda shamba kabla hujaushika msumeno mara ya tatu.